Nilijua Shemeji Anasikia

Nilikuwa katika mwezi wa pili wa eda wakati wifi yangu Somoe aliposhuka basi kutoka Kinjumbi akaja kukaa nami. Mume wangu Athumani, kaka yake, tulikuwa tumemzika hapa hapa Mitwero, nami nilikuwa ndani ya chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Watu husema eda ni ibada, na ni kweli, lakini kwa mtu mwenye neno moyoni ni kitu kingine pia. Ni miezi minne na siku kumi za kukaa na kichwa chako mwenyewe, bila soko, bila shamba, bila harusi ya mtu ya kukimbilia. Somoe alileta mchele wa nyumbani na fungu la mbaazi, akashika jiko kana kwamba nyumba ni yake, nami nikamwacha. Mchana mmoja alikuwa ameketi mlangoni na ungo mapajani, anachambua mchele, akasema bila kuinua macho, "Wifi, nyumba yetu imekwisha. Mama kaenda, kaka naye kaenda. Wa kumkumbuka kaka yangu Shaweji tumebaki mimi na wewe." Nikasema ndiyo, tumebaki sisi. Akapeta mara mbili, akapuliza makapi, akaongeza, "Mungu amrehemu. Leo angekuwa babu wa watu. Ila alipenda sifa yule kijana. Vita havikumwita, alivifuata mwenyewe."

Neno hilo nimelisikia kwa zaidi ya miaka arobaini. Nimelisikia msibani, nimelisikia kutoka kinywani mwa mume wangu tukiwa mkekani tunakula, nimelisikia wakiambiwa watoto wangu kama onyo. Kila mara niliendelea na nilichokuwa nikifanya, nikamenya nilichokuwa nikimenya. Siku ile sikuwa na cha kumenya. Lakini kabla sijasema nilichomwambia Somoe, ni lazima nieleze mwaka wenyewe, ule wa vita vya Kagera, ambao ndio ulikuwa mwaka wangu wa kwanza katika nyumba yao.

Niliolewa Kinjumbi nikiwa na miaka kumi na tisa, nikitokea Kilwa Masoko. Nilijua kusoma, kuandika, kukaanga maandazi na kupiga pasi ya mkaa, jembe sikulijua. Nyumba ya mama mkwe wangu, Bi Fatu, ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa makuti, na kuta zake za ndani hazikufika juu. Ziliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, na kutoka hapo hadi kwenye makuti palikuwa wazi ili hewa ipite. Hewa ilipita, na maneno nayo yalipita. Chumba chetu mimi na Athumani kilipakana na cha mdogo wake Shaweji, na cha Bi Fatu na Somoe kilikuwa ng'ambo ya ukumbi. Kwa hiyo katika nyumba ile mambo ya watu wawili yaliongewa mdomo ukiwa karibu na sikio. Hiyo ilikuwa adabu ya kwanza niliyofundishwa, na sikufundishwa kwa maneno. Niliona tu jinsi mume wangu alivyoshusha sauti kila akivuka kizingiti cha chumba chetu, nami nikaiga.

Shaweji alikuwa na miaka ishirini na mbili, mfupi kuliko kaka yake, mabega mapana, na tabia ya kula amesimama kana kwamba kuna mtu anamngoja nje. Alikuwa mkulima kwa namna ambayo sijaiona tena kwa kijana yeyote. Wenzake walilima kwa sababu hawakuwa na la kufanya, au huku wakingoja kwenda Dar es Salaam. Yeye hata Masoko alifika mara mbili tu, akarudi akisema kule watu wanasalimiana kama wanakimbizwa. Alikuwa na bonde la mpunga alilolirithi likiwa kichaka, akalifyeka mwenyewe, na juu kidogo mwinukoni alikuwa amepanda miche ya michungwa aliyoibeba kichwani kutoka kwa jamaa zao wa milimani. Jioni alikuwa akija jikoni kunikwangulia ukoko chunguni, ananitania. "Shemeji, chumvi imekwisha Masoko au imekwisha kwetu?" Nami nikimjibu kwamba asiyeridhika aoe apikiwe na wake. Akicheka, Bi Fatu aliyekuwa hachekicheki ovyo naye alitabasamu, akiinamisha uso tusimwone.

Wiki yangu ya kwanza shambani mama mkwe alinipimia sehemu yangu kwa hatua zake, akaniacha. Hakuwa mkali, alikuwa mtu asiyerudia neno. Kufika adhuhuri nilikuwa nimetifua kipande ambacho kuku angekimaliza kwa kucha, na viganja vyangu vimejaa malengelenge. Kesho yake nilipofika nilikuta zaidi ya nusu ya sehemu yangu imelimwa, mistari imenyooka, na Shaweji yuko mbali upande wake, amenipa mgongo. Bi Fatu akaja, akatazama, akasema, "Mtoto wa Masoko anaanza kujua." Ikawa hivyo siku nne mfululizo, mpaka viganja vyangu vikakomaa. Nilipomuuliza Shaweji faraghani, akasema, "Mimi alfajiri usingizi unanikimbia, Shemeji. Nikiamka nakuta jembe liko karibu." Ndiyo ilikuwa namna yake ya kutenda wema. Anakufanyia jambo, kisha anakupa sababu isiyodai shukrani. Uongo wake wa mwisho, nitakaoueleza, ulikuwa wa ukoo mmoja na huo, nami nilipaswa kuwa mtu wa kwanza kuutambua. Na niliutambua.

Habari za vita zilitukuta wakati wa korosho. Mwenye duka alikuwa na redio, na baada ya sala ya alasiri wanaume walijaa barazani kwake kuisikiliza, sisi wanawake tukisimama mbali kidogo na vikapu vyetu. Kagera hakuna aliyejua ilipo. Mwenye duka alinyoosha kidole upande linakozama jua, na sote tukatazama huko kana kwamba tungeona moshi. Vijana wengi wa kijiji, Athumani na Shaweji wakiwamo, walikuwa wamekwisha pata mafunzo ya mgambo, wakikimbizwa uwanjani na fimbo begani badala ya bunduki. Bi Fatu alisema jioni ile, akimwaga maji ya kisamvu, "Wazee wetu vita viliwafuata humu humu milimani. Ninyi mnavifuata huko viliko." Athumani akamjibu kwa upole kwamba nchi ikivamiwa haichagui pembe. Shaweji alikuwa anatia mpini mpya kwenye jembe, anaugonga chini taratibu, anausikiliza kama umekaza.

Kisha balozi wa nyumba kumi akapita siku ya Alhamisi. Alikaa kwenye kigoda ukumbini, akakataa chai, jambo ambalo peke yake lilitutia hofu. Akasema kijiji kimetakiwa kutoa vijana, na imekubaliwa kwamba nyumba yenye wawili waliopata mafunzo itoe mmoja. "Sitaki kuwachagulia," alisema. "Ninyi ni ndugu. Jumatatu mje ofisini na jina moja." Alipoondoka, Athumani alikwenda kuoga. Shaweji alirudi bondeni kwake, na kwa kuwa akili haikuwa kwenye kazi alijikata kidole cha mguu kwa jembe, akarudi anachechemea, damu imeganda kwenye kandambili.

Kesho yake, Ijumaa, Athumani alikwenda msikitini peke yake. Bi Fatu na Somoe walikuwa wamekwenda kwa mgonjwa. Shaweji aliambiwa na kaka yake aende zahanati akafungwe kidonda, akasema atakwenda, lakini kaka yake alipotoka akajilaza. Nilipika wali wa nazi na kunde. Nilimpelekea mwenyewe sahani chumbani mwake, nikaiweka kwenye kigoda karibu na kitanda chake cha kamba. Akaonja, akasema, "Leo umepatia, Shemeji." Nikatoka. Hata sikuwa nimeosha mikono vizuri, Athumani akaingia na kanzu yake ya Ijumaa, akaniita chumbani kwetu, akarudisha mlango.

Alinikalisha kitandani. Mdomo wake ukiwa sikioni mwangu, kama ilivyokuwa desturi, akasema, "Nimekwisha amua. Jumatatu nitatoa jina langu. Mimi ndiye mkubwa, siwezi kumtanguliza mdogo wangu."

"Na mimi?" nikamuuliza.

"Utakaa na Mama. Shaweji yupo, chakula hamtakosa."

Nilikuwa na mimba ya miezi miwili na kitu. Kila asubuhi nilikuwa natapika mpaka machozi yananitoka, na nilikuwa mgeni katika kijiji kile, sina mama karibu, sina rafiki. Nilimpenda mume wangu. Nayasema haya yote kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nimejitetea nayo mara nyingi mno, mpaka sasa hayana nguvu tena. Niliinuka. Nilisogea hadi kwenye ukuta wa upande wa Shaweji, nikasimama pale, na kwa sauti ya mtu anayeita mwenzake uani nikasema, "Wapo wasio na mke wala mtoto. Wao wakienda hawaachi mjane wala yatima. Mbona hao hawajitokezi?"

Athumani alishtuka. Akatazama juu ya ukuta, kisha akanitazama mimi. "Usiseme hivyo tena," akaninong'oneza. "Bahati yako Shaweji kaenda zahanati."

Hakwenda. Mume wangu hakujua, mimi nilijua. Upande wa pili kamba za kitanda zililia mara moja, kidogo tu, kama mtu anayegeuka, na Athumani hakuzisikia kwa sababu alikuwa anavua kanzu. Baada ya muda alitoka kwenda kuwawekea kuku maji. Mimi nikaenda kuchukua sahani. Shaweji alikuwa amekaa kitako, mguu wenye kidonda ameunyoosha. Alikuwa amekula wali wote. Akanipa sahani, akasema ahsante, akanitazama, na wala hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira pengine ningeanguka miguuni pake nikaomba radhi. Alinitazama kama alivyokuwa akiutazama ule mpini, anaupima, halafu akaniambia, "Wewe usijali, Shemeji. Jilee." Nikaosha sahani, nikaisimamisha kichanjani.

Jumamosi asubuhi alitoka na jembe begani akichechemea, na kila mtu alidhani anakwenda bondeni. Alipita ofisini. Alirudi adhuhuri, akamkuta kaka yake anatoa korosho kwenye mabibo uani, akasema, "Nimekwisha jiandikisha, kaka. Jumatatu usijisumbue." Nilikuwa jikoni, niliwaona kupitia mlangoni. Athumani aliweka chini bibo alilokuwa nalo. Akauliza kwa nini. Shaweji akasema, "Nimechoka na jembe. Nataka niione nchi kabla sijaoa."

Sijawahi kumwona mume wangu amekasirika namna ile, kabla wala baada. Hakupiga kelele. Alisema, "Umenitoa uanaume wangu mbele ya kijiji kizima. Watasema nimejificha nyuma ya mtoto." Shaweji akasema hakuna atakayesema hivyo. Athumani akasema, "Hukuniuliza. Baba alipokufa nilikuwa baba yako, na hukuniuliza." Shaweji alikuwa ameinamisha kichwa, anachora chini kwa kidole cha mguu ule mzima. Angeweza kusema neno moja, na hakulisema. Aligeuka, akaja mpaka mlangoni mwa jiko, akachota maji mtungini, akanywa, na alipokuwa anarudisha kata hakunitazama. Usiku ule na mausiku yaliyofuata ndugu wale wawili walikula katika sahani mbili.

Lori lilikuja kuwachukua baada ya siku chache. Athumani hakwenda kumsindikiza. Alisema ana kazi, akachukua panga akaelekea porini, na sikumwona akirudi na hata ukuni mmoja. Tulikwenda mimi, Bi Fatu na Somoe, ambaye wakati ule alikuwa msichana wa miaka kumi na minne anayelia kwa sauti bila kujali watu. Bi Fatu alimshika Shaweji kichwa kwa mikono miwili, akamsomea, akampulizia. Kisha akasogea ili aagane na wengine. Ilipofika zamu yangu, Shaweji aliinama kama anayeokota kitu, akasema kwa haraka, sauti ya chini, ile ya nyumbani kwetu, "Usimwambie kaka kitu. Hasira yake itapita nikirudi."

Maneno hayo nimeyashika maisha yangu yote kama amri ya marehemu. Nimejiambia kwamba ni yeye aliyenikataza. Lakini alisema "nikirudi." Alikuwa anazungumzia miezi michache, mtu anarudi na kofia yake, kaka anacheka, mambo yanakwisha. Hakusema nimwache kaka yake azeeke na hasira ile. Hilo nililiongeza mwenyewe, kwa sababu lilinifaa.

Ilikuja barua moja. Athumani aliisoma ukumbini, mama yake akiwa amekaa mkabala naye, mikono mapajani. Shaweji aliandika kwamba huko kuna baridi ya kuuma meno, kwamba ndizi ndiyo ugali wao, kwamba ardhi ni nyekundu na nzuri na watu wake wanaitunza. Alitaka kujua kama mvua imekwisha anza na kama kuna mtu anapalilia miche. Alimsalimu kila mtu kwa jina, mimi wa mwisho, akiuliza hali yangu. Athumani aliikunja. Bi Fatu akauliza, "Tutamjibu lini?" Athumani akasema, "Akirudi tutajibizana hapa hapa." Bi Fatu hakurudia, kwa kuwa hakuwa mtu wa kurudia. Mimi nilikuwa nimesoma hadi darasa la saba, mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa mume wangu, na hakuna aliyenikataza kushika kalamu. Nilijiambia nitaandika nikijisikia nafuu. Nafuu ilikuja. Nilikuwa natembea na tumbo langu, nasifiwa, nachaguliwa vipande vya samaki vyenye nyama, na mume wangu yuko kando yangu. Na katika miezi ile, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha.

Athumani alikuwa akilihudumia shamba la mdogo wake kabla ya lake. Alilipalilia kimya kimya, kwa nguvu, kana kwamba anagombana nalo. Hapo ndipo alipoitwa siku walipokuja. Ilikuwa masika, asubuhi ya manyunyu, nami natwanga mihogo mikavu uani chini ya ukingo wa paa. Walikuja watatu: balozi, mwenyekiti wa kijiji, na mtu mwenye sare ambaye hatukumjua. Yule mwenye sare aliniuliza mkubwa wa nyumba yuko wapi. Nilimtuma Somoe mbio bondeni. Bi Fatu akatoka ndani, akawatazama mmoja mmoja, akarudi ndani akavaa kanga safi, akaja akakaa chini. Alikuwa amekwisha jua. Athumani alifika na matope hadi magotini, na mgeni yule alisema aliyotumwa kusema, kwa heshima, akiwa amesimama wima. Shaweji alikuwa ameuawa vitani upande wa Uganda. Amezikwa na wenzake. Mwili hautaletwa. Athumani alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, halafu akasema, "Sikumtuma." Alilisema mara tatu. Balozi akamshika mkono.

Matanga yetu yalikuwa bila jeneza wala kaburi. Wanawake walijaa vyumbani, na kwa kuwa kuta zile hazikufika juu, nilikuwa nimelala upande mmoja na tumbo la miezi minane nikisikia kila kilichosemwa upande mwingine. Mmoja alisema, "Kaka mtu alikuwa tayari kwenda, huyu akamruka." Mwingine akasema, "Vijana wanapenda sifa. Alitaka avae buti." Bi Fatu alikuwa mle mle kati yao, na hakuwakanusha. Nilingoja nimsikie mtu mmoja akisema kwamba Shaweji wetu hakupenda hata kwenda Masoko. Hakuna aliyelisema. Mimi nililijua, nikageukia ukutani.

Mtoto alizaliwa siku chache kabla ya redio kutangaza kwamba vita vimekwisha na kijiji kupiga ngoma. Alikuwa wa kiume. Athumani ndiye aliyempa jina, akasema, "Shaweji. Jina arithi, akili asirithi." Watu walicheka kwa huruma. Baada ya miaka michache tulihamia Lindi, Athumani akawa mwashi, tukajenga hapa Mitwero, tukapata watoto wengine watatu. Alikuwa mume mwema. Hasira aliyokuwa nayo kwa marehemu haikuwa ya kila siku. Ilikaa kama maumivu ya mguu uliovunjika zamani, yakirudi mvua inaponyesha. Mtoto akikaidi, aliambiwa, "Ukaidi wa baba yako mdogo umekuingia." Na Shaweji wetu alipomaliza kidato cha nne, akaja na fomu akasema anataka kwenda jeshini, baba yake aliichukua, akaichana mara nne bila kuisoma. "Nyumba hii imekwisha toa mpumbavu mmoja," alisema. Mwanangu alinitazama mimi. Alitaka niseme kitu, chochote. Nilikuwa nagawa mchuzi. Nikamwekea samaki, nikamwambia ale. Alikuja kuwa mwalimu, na ni mwalimu mzuri, yuko Kilwa Masoko mpaka leo. Lakini najua uso ule niliouona siku ile.

Na mwisho ni huu. Wiki mbili kabla hajafa, Athumani alikuwa amekonda, nikimlisha uji kwa kijiko. Alikuwa na akili zake timamu. Akaniambia, "Nikimkuta Shaweji huko, nitamuuliza jambo moja tu: mdogo wangu, nilikukosea nini hata ukaondoka vile?" Kijiko kilikuwa mkononi mwangu. Tulikuwa wawili tu, hakuna ukuta wala mtu wa kusikia, na hakuwa tena na nguvu ya kuniacha wala ya kunipiga, kama angetaka, na katika miaka yote ile hakuwahi kunipiga hata mara moja. Nilisema, "Kunywa uji, unapoa." Akanywa.

Hayo ndiyo niliyomwambia Somoe siku ile mlangoni, ungo ukiwa mapajani mwake. Sikuyapanga. Yalitoka ovyo, uji kwanza, halafu Ijumaa ile, halafu lori. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza, "Alisikia?" Nikasema alisikia. "Na ulijua kuwa yupo." Nikasema nilijua, nilikuwa nimetoka kumpelekea chakula. Somoe aliuweka ungo chini kwa uangalifu mchele usimwagike. "Mimi nimewaambia wanangu kwamba mjomba wao alikuwa mpenda sifa," akasema. "Wanangu wamewaambia watoto wao." Alikwenda uani, akakaa huko mpaka magharibi. Siku mbili alinipikia na kuniwekea chakula bila kusema nami zaidi ya salamu. Siku ya tatu asubuhi alikuja na mkoba wake akasema, "Sitakutukana, wifi, wewe ni mzee mwenzangu. Lakini ukitoka eda watoto watakuja, na utayasema mwenyewe. Usipoyasema wewe nitayasema mimi, na mimi sitayapunguza."

Niliyasema. Siku niliyotoka eda walikuwapo wote, na Somoe alirudi kutoka Kinjumbi ashuhudie. Binti zangu walilia, mdogo wao akaja kunishika bega. Mwanangu Shaweji, mtu mwenye mvi sasa, alibaki amekaa na miwani yake mkononi. Akauliza, "Mimi ndiye niliyekuwa tumboni?" Nikasema, "Ndiwe." Akauliza kwa nini sikumwambia baba yake, hata mwishoni. Nikamwambia, "Mwanzoni niliogopa ataniacha. Baadaye niliogopa nitamuua kwa huzuni. Halafu nikazoea." Aliitikia kwa kichwa, kama alivyokuwa akifanya baba yake akiwa hajaridhika. Aliondoka siku ile ile, akasema ana vipindi kesho. Ilikuwa Jumamosi.

Wiki sita hakuja wala hakupiga. Mkewe alinipigia mara mbili, akaniambia nimpe muda. Kisha juzi, baada ya sala ya Ijumaa, simu ikalia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Aliniuliza kuhusu dawa zangu za presha, akaniuliza kama bomba limetengenezwa. Halafu akasema shule zikifungwa atapanda basi kwenda Kagera. Ameuliza watu, ameambiwa mashujaa wa vita vile wana makaburi yao huko na yanatunzwa, na huenda jina lipo. Katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kwenda. Athumani alikuwa na afya na nauli kwa miaka mingi na hakwenda. Nilimwambia ni safari ndefu, achukue koti. Akasema atachukua.

"Nikifika nitamsomea dua," akasema. "Wewe unataka nimwambie nini?"

Nilikuwa nimesimama jikoni. Nikamwambia angoje kidogo, na alingoja. Nilimsikia anapumua upande wa pili. Nilifikiri kuomba radhi, lakini radhi yangu siwezi kumtuma mtoto, hata huyu. Nikafikiri kumshukuru, na hilo pia halikuwa la kutumwa.

"Mwambie kwamba kaka yake hakujua, mpaka anakufa," nikasema.